Safari ya kisiwa cha Saba, Karibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wakisikia Karibi hufikiria mchanga mweupe, hoteli za ghorofa na meli za watalii zinazoshusha watu kwa maelfu. Kisiwa kiitwacho Saba hakina hata kimoja kati ya hivyo, na wenyeji wanakiita Malkia Asiyeharibiwa. Majibu haya ni kwa msomaji wa Kiswahili, awe Dar es Salaam, Mombasa, Goma au Rotterdam, anayetaka kwenda huko akijua anachokwenda kukikuta.

Kisiwa chenyewe kiko wapi, na kina ukubwa gani?

Kiko kaskazini-mashariki mwa Bahari ya Karibi, kama kilomita 45 kusini-magharibi mwa Sint Maarten. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 13 tu na wakazi wake ni kama 2,000. Ni mlima mmoja wa volkano uliochomoza kutoka baharini, na vijiji vyake vinne vimejibanza kwenye mabonde na mabega ya mlima huo: The Bottom, ambao ndio mji mkuu, Windwardside, St. Johns na Zion's Hill, ambao wengi bado wanauita Hell's Gate. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 Saba ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Ndiyo maana kilele chake, Mount Scenery, chenye takriban mita 880, ndicho sasa mahali pa juu kuliko pote katika nchi ya Uholanzi.

Kwa nini utalii mkubwa haujakivamia?

Kwa sababu jiografia yake ilikataa. Hakina ufukwe wa maana, hakina ghuba yenye maji matulivu, na hakina uwanda wa kujenga uwanja mkubwa wa ndege. Pwani karibu yote ni majabali yaliyosimama wima. Kwa mamia ya miaka, kila kitu kilichoingia kisiwani kilishushwa kwa mashua ndogo na kupandishwa mabegani na vichwani, sehemu kubwa kupitia Ladder Bay, ambako kuna ngazi 800 zilizochongwa kwenye jabali. Chakula, mbao, samani, hata piano, vyote vilipita hapo.

Barabara ndiyo hadithi ambayo kila mgeni angefaa kuijua kabla hajafika. Wahandisi kutoka Uholanzi walisema miteremko ile haijengeki barabara. Msabani mmoja, Josephus Lambert Hassell, akasoma uhandisi kwa njia ya posta, kisha mwaka 1938 akaanza kazi na wanakijiji wenzake, kwa mikono. Kipande cha kwanza, kutoka Fort Bay hadi The Bottom, kilikamilika 1943. Gari la kwanza, jipu, lilifika 1947. Barabara ilifika Windwardside 1951, na ikakamilika yote 1958. Ukiipita leo, tazama kuta za mawe zilizoishikilia ukingoni: kila jiwe lilibebwa na mtu. Wanaiita The Road, kwa maana kubwa ni hiyo moja.

Watu waliojijengea njia kwa taabu hivyo hawana haraka ya kuiachia iende kwa yeyote mwenye fedha. Uzuri wa kisiwa hiki umelindwa na ugumu wa kukifikia, na baadaye na uamuzi wa wenyeji wenyewe. Ukipanga safari kwa kuuheshimu ugumu huo, utafurahi. Ukitaka kulazimisha likizo ya ufukweni, utarudi umenuna.

Nahitaji viza?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza, na hapa ndipo wengi huchanganya. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni kitu kimoja, na viza ya Karibi ya Ufalme wa Uholanzi ni kitu kingine. Saba haimo katika eneo la Schengen. Unayohitaji ni hiyo ya Karibi, inayoombwa kupitia ubalozi wa Uholanzi, na hiyo moja inahudumia visiwa vyote sita: Saba, Sint Eustatius, Bonaire, Sint Maarten, Curaçao na Aruba. Hilo ni jambo jema, maana lazima upite Sint Maarten kwanza.

Ukiwa na kibali halali cha kuishi katika nchi ya Schengen, Uingereza, Marekani au Kanada, kwa kawaida husamehewa viza hiyo kwa ziara fupi. Hata hivyo, pata uthibitisho wa ubalozi kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu anayekuzuia ni mfanyakazi wa shirika la ndege kwenye kaunta, naye hasikilizi maelezo ya mdomo.

Usisahau na nchi unayopitia. Ukipita Marekani, hata kwa kubadilisha ndege tu, unahitaji viza ya Marekani. Ukipita Amsterdam au Paris bila kutoka nje ya uwanja, Mtanzania na Mkenya hawadaiwi viza ya kupita, ila Mkongomani wa Kinshasa au Bukavu anadaiwa. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo huulizwa.

Njia ipi ni rahisi kutoka Afrika Mashariki?

Kupitia Ulaya. KLM inaruka Nairobi na Dar es Salaam kwenda Amsterdam, na Air France inaruka Nairobi kwenda Paris. Kutoka miji hiyo miwili kuna ndege za moja kwa moja hadi Sint Maarten, uwanja wa Princess Juliana. Walioko Marekani wana wepesi zaidi, kwa sababu ndege za moja kwa moja zipo kutoka miji kadhaa, ikiwamo Miami na New York.

Ushauri wangu: lala usiku mmoja Sint Maarten. Ndege za Saba huruka mchana tu, na ukijipangia kuunganisha siku hiyohiyo, ucheleweshaji mdogo Ulaya unakuachia usiku wa hoteli usiyoitegemea. Kabla ya kufika Sint Maarten jaza fomu yao ya kuingia mtandaoni. Na saa yako irudishe nyuma saa saba: Dar ikiwa saa sita mchana, Saba ni saa kumi na moja alfajiri.

Kutoka Sint Maarten nichukue ndege au boti?

Ndege ni ya Winair, Twin Otter yenye viti 19 na propela mbili. Inachukua robo saa hivi. Boti ya abiria inaondoka Philipsburg na kuchukua zaidi ya saa moja, na bahari kati ya visiwa hivi huwa na mawimbi ya kweli. Mwenye tumbo jepesi ameze dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla, asingoje mpaka aanze kutokwa jasho.

Boti ni nafuu na inabeba mizigo bila kulalamika. Ndege ni ghali kwa umbali ule, huzidi dola 100 kwenda na kurudi, na mizigo hupimwa kwa makini. Mimi ningekwenda kwa ndege na kurudi kwa boti. Kwa ndege unakiona kisiwa kizima kikisimama mbele yako, na kwa boti unakiona kikiishia taratibu, Fort Bay ikibaki chini ya majabali.

Ni kweli kwamba njia ya kurukia ndege ni fupi kuliko zote?

Inahesabiwa kuwa fupi kuliko zote duniani zinazotumiwa na ndege za abiria za ratiba. Ina mita 400. Ile ya Jomo Kenyatta, Nairobi, inazidi mita 4,000, kwa hiyo chukua moja ya kumi yake, uiweke juu ya ulimi wa mwamba, na kila mwisho uwe ni jabali linaloshuka baharini. Uwanja unaitwa Juancho E. Yrausquin na ulifunguliwa 1963. Kabla ya hapo, mwaka 1959, rubani Rémy de Haenen kutoka Saint-Barthélemy alitua hapo kuonyesha kwamba inawezekana, baada ya wanakisiwa kuondoa mawe kwa mikono kwenye eneo la Flat Point, sehemu pekee yenye ubapa.

Unapokaribia, ndege inapita kando ya ukuta wa mlima, karibu kiasi kwamba unaona vichaka kimoja kimoja. Halafu inainama, magurudumu yanagusa, rubani anageuza nguvu ya propela, na mwili unasukumwa mbele kwenye mkanda. Kabla hujamaliza kushusha pumzi, imesimama. Marubani wanaotua hapa wana mafunzo na idhini ya pekee, ndege za jeti haziruhusiwi, na Twin Otter imeundwa kwa viwanja vya namna hii. Upepo ukiwa mbaya hawajaribu bahati, wanafuta safari. Kama bado moyo unakataa, boti ipo na hakuna atakayekucheka.

Wakati gani mzuri wa kwenda?

Desemba hadi Aprili ni kipindi cha ukavu zaidi, na bei nazo hupanda. Mei na Juni mwanzoni ni wakati mzuri kwa anayetaka utulivu na nafuu kidogo.

Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Siyo kitisho cha kwenye karatasi: Irma ilipita tarehe 6 Septemba 2017 na kuiumiza sana misitu ya Saba, na wiki mbili baadaye ikaja Maria. Miezi hiyo baadhi ya nyumba za wageni na mikahawa hufunga. Hata hivyo Oktoba kuna Sea & Learn, ambapo wanasayansi kutoka nchi mbalimbali hutoa mihadhara ya bure jioni na kuwapeleka wageni msituni na baharini. Mpenda viumbe angeweza kuhatarisha mvua kwa ajili ya hilo. Sherehe za kiangazi, yaani kanivali yao, huwa mwisho wa Julai, na Siku ya Saba husherehekewa Ijumaa ya kwanza ya Desemba.

Siku ngapi zinatosha?

Wako wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Wanapanda mlima mbiombio, wanakula, wanashuka bandarini. Sioni faida ya kusafiri mbali hivyo kwa ajili ya saa sita. Kaa angalau siku nne kamili, na ukizamia, kaa wiki.

Panga hivi: mlima kwanza, bahari baadaye, na siku ya mwisho iwe kavu. Sababu ni ya kitabibu. Mtu aliyezamia kwa mtungi wa hewa ana naitrojeni mwilini, na kupanda juu haraka, iwe kwa ndege au kwa miguu hadi kileleni, kunaweza kumletea ugonjwa wa mgandamizo, gesi hiyo ikifanya mapovu mwilini. Kisiwa kidogo namna hii, chenye kina kirefu baharini na kilele kirefu nchi kavu, kinamtega mtu asiyefikiria. Acha saa 24 kati ya mbizi ya mwisho na ndege.

Kuna ufukwe au hakuna?

Kuna viwili, vyote vidogo. Well's Bay ina mchanga wa msimu: huletwa na bahari wakati wa majira ya kuchipua na kiangazi, kisha mawimbi ya mwisho wa mwaka huuchukua na kubakiza mawe. Cove Bay, karibu na uwanja wa ndege, imetengenezwa na watu, nayo ina mawe makubwa yanayokinga mawimbi ili watoto waoge. Anayetaka kulala mchangani siku nzima ana visiwa vingi vya kuchagua, kuanzia Anguilla hapo jirani. Huku asije kwa ajili hiyo.

Kupanda Mount Scenery kukoje?

Njia inaanzia Windwardside na ina ngazi 1,064 za mawe na saruji. Mtu wa kawaida hutumia kama saa moja na nusu kupanda. Mtu wa milimani aliyezoea miteremko ya Lushoto ataona ni matembezi, ila mtu wa mjini atayasikia magoti siku ya pili.

Kinachobadilika ni hewa. Chini kuna miembe na joto la kawaida la pwani. Ukipanda, kangaga zinakuwa ndefu kama miti, majani yanakuwa mapana kiasi cha kujifunika mvua, na migomba mwitu inachomoza kando ya njia. Juu kabisa unaingia ndani ya wingu. Huko miti ni mifupi na imepinda, na kila tawi limevaa kuvumwani na okidi mpaka gome lenyewe halionekani. Shika shina lolote uone: mkono unatoka umelowa kama uliokamua kitambaa. Maji yanadondoka hata kama mvua hainyeshi, kwa sababu msitu unayachuja kutoka kwenye ukungu. Ni msitu uliopigwa mara nyingi na vimbunga, Georges mwaka 1998 na Irma na Maria mwaka 2017, na unaona vigogo vikubwa vilivyoanguka vikichipua upya ubavuni. Tembea polepole, usivunje kitu.

Vaa viatu vyenye meno, maana ngazi zenye ukungu huteleza hasa wakati wa kushuka. Beba koti jepesi la mvua na maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Anza asubuhi, saa moja au saa mbili. Kileleni kuna mnara wa mawasiliano na vituo vya kutazamia, lakini wingu hukaa huko siku nyingi, na yawezekana usione chochote zaidi ya weupe. Hiyo isikukatishe tamaa, kwa sababu msitu ndio ulioufuata.

Njiani utamwona mjusi mdogo mwenye mabaka meusi, *Anolis sabanus*, asiyepatikana popote duniani isipokuwa kisiwani hapa. Nyoka mwenye tumbo jekundu anayeota jua juu ya ngazi hana sumu ya kumdhuru mtu. Siku hizi amebaki Saba na Sint Eustatius tu, kwa hiyo tafadhali usimpige. Najua kwetu mkono hukimbilia fimbo. Huyu mpishe, atajiondokea mwenyewe.

Njia nyingine za miguu ni zipi?

Sandy Cruz inapita msituni upande wa kaskazini bila kupanda sana, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote kwa anayetaka kutembea akizungumza na mwenzake. Ngazi za Ladder Bay ni za lazima kwa anayependa historia. Teremka hadi nyumba ya zamani ya forodha, kaa hapo, kisha panda ukiwaza wanawake waliopanda na magunia. Njia ya pwani ya kaskazini haiendwi bila kiongozi, kwani ni nyembamba na inakatika. Inaelekea upande wa Mary's Point, kijiji ambacho watu wake wote walihamishiwa The Bottom mwaka 1934, na magofu yake bado yapo. Karibu na Zion's Hill kuna machimbo ya zamani ya salfa. Mahandaki yake yasiingiwe.

Njia zinatunzwa na Saba Conservation Foundation. Pitia duka lao Windwardside upate ramani na kuuliza njia ipi imeharibiwa na mvua wiki hiyo.

Na kuzamia? Mimi si mzoefu.

Bahari ya Saba ililindwa mapema. Hifadhi yake ilianzishwa 1987 na inazunguka kisiwa chote, kuanzia maji yanapojaa hadi kina cha mita 60. Mashua hufungwa kwenye maboya ili nanga zisivunje matumbawe, na mgeni huzamia kupitia vituo vya kuzamia vya kisiwani, akilipa ada ndogo inayokwenda kwenye hifadhi.

Wazoefu huja kwa ajili ya minara ya mwamba iliyosimama kutoka kilindini, kama Third Encounter na Eye of the Needle, ambayo ncha zake huanza kwenye kina cha karibu mita 30. Hiyo si ya mwanafunzi. Anayeanza atapelekwa Tent Reef au upande wa Ladder Bay, na hapo pana kitu ambacho ningemshauri kila mtu akiombe. Chini, katikati ya miamba iliyojaa matumbawe, kuna madoa ya mchanga wenye rangi ya manjano. Chomeka vidole. Mchanga una joto, kwa sababu volkano iliyozaa kisiwa bado inapumua chini yake. Samaki wanapita, maji ni baridi kidogo mgongoni, na mkono wako uko ndani ya joto la ardhi.

Kasa wanaonekana mara kwa mara. Papa wa miambani wapo pia, na tangu 2015 maji haya ni sehemu ya hifadhi ya Yarari ya papa na mamalia wa baharini. Hawana shida na mzamiaji aliyetulia.

Nitalala wapi?

Hakuna hoteli ya mnyororo wa kimataifa. Kuna hoteli ndogo chache na nyumba za kupangisha, nyingi Windwardside, zenye kuta nyeupe, mapaa mekundu na madirisha yenye mbao za kijani. Nyumba ya kupangisha yenye jiko ndiyo ningeichagua kwa familia au marafiki. Uliza swali moja kabla ya kulipa: kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlangoni? Nyumba nyingine zina mandhari ya ajabu na ngazi za kutosha kumkomoa mwenye sanduku zito.

Maji ya nyumbani ni ya mvua, yanayokingwa kutoka paani na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya nyumba. Kisiwa hakina mto. Oga kwa kiasi, funga bomba unapojipaka sabuni, kama tulivyolelewa wengi wetu. Umeme ni volti 110 na soketi ni za Kimarekani. Plagi ya pini tatu ya Kenya na Tanzania haiingii, na pasi au kikausha nywele cha volti 240 hakitafanya kazi ipasavyo hata kwa adapta. Chaja za simu hazina tatizo.

Chakula ni cha namna gani?

Samaki na kamba koche, ambao huvuliwa Saba Bank, mwamba mpana uliozama kusini-magharibi mwa kisiwa. Kuna mchuzi wa mbuzi, na kuna johnny cake, andazi lisilo na iliki. Mboga na matunda mengi huja kwa meli ya mizigo kila wiki, kwa hiyo muulize mwenye nyumba inaingia lini, ukanunue siku hiyo au inayofuata. Siku chache baadaye rafu huwa zimepwaya. Mikahawa ni michache na baadhi inataka uagize meza mchana. Jumapili mambo mengi hufungwa.

Kinywaji cha nyumbani ni Saba Spice: ramu iliyochemshwa na mdalasini, karafuu, shamari na sukari guru. Kila mwanamke anayekitengeneza ana kipimo chake. Harufu itamvutia Mzanzibari au Mpemba, lakini ni pombe, tena kali, na asiyetumia ajulishe watu mapema kwa sababu hutolewa kama ukarimu. Mwislamu atapata wepesi kwenye samaki na mboga. Mwenye kujipikia anakuwa huru zaidi.

Nibebe pesa gani?

Dola ya Marekani, ambayo ndiyo fedha rasmi tangu Januari 2011. Wengi hushangaa kuikosa yuro katika manispaa ya Uholanzi. Kadi zinapokelewa hoteli na madukani, ila teksi na mafundi wadogo wanataka taslimu, za noti ndogo. Saba si rahisi, na haijifanyi rahisi. Karibu kila kitu kimevuka bahari mara mbili kabla hakijafika mezani.

Kisiwani nitatembeaje?

Hakuna basi. Kuna teksi zenye nauli zilizopangwa, na dereva wa teksi mara nyingi ndiye atakayekusimulia habari za kila nyumba mnayoipita. Magari ya kukodi yapo, mnaendesha kulia, na miteremko ni mikali kiasi kwamba mgeni angefaa afikirie mara mbili. Kuomba lifti ni jambo la kawaida kabisa. Simama pembeni, inua kidole, na wa kwanza au wa pili atasimama.

Usisahau salamu. Hapa dereva hupungia kila gari, na anayeingia dukani kimyakimya huonekana hana malezi. Mswahili hatahitaji kufundishwa hilo. Lugha ya nyumbani na ya shuleni ni Kiingereza, ingawa barua za serikali huja kwa Kiholanzi. Vijana utakaowakuta na vitabu The Bottom ni wanafunzi wa Saba University School of Medicine, chuo kilichoanzishwa 1992.

Zawadi gani ya kurudi nayo?

Lesi. Miaka ya 1870 msichana wa Kisaba, Mary Gertrude Hassell, alipelekwa kusoma kwa watawa Caracas, Venezuela, akajifunza kuchomoa nyuzi kwenye kitani na kuzifunga upya kwa sindano mpaka zikawa maua. Aliporudi akawafundisha wenzake. Wanaume wengi walikuwa baharini, mabaharia, na nyumba zilihitaji kipato. Wanawake wakanakili anwani za wafanyabiashara wa Marekani kutoka kwenye mizigo iliyofika kisiwani, wakawaandikia, wakauza kazi zao kwa posta. Biashara ya nje iliyoendeshwa na wanawake kutoka juu ya jabali lisilo na bandari!

Leo wanaoifanya ni wachache na wengi wao ni wazee. Kitambaa kidogo cha meza kinaweza kuchukua majuma. Kwa hiyo usipatane bei kama uko Kariakoo. Kama bei ni kubwa kwako, nunua kipande kidogo, lakini lipa kilichotajwa.

Nikiugua?

Kuna kituo cha afya The Bottom, kinachotosha kwa mengi. Mgonjwa mahututi hupelekwa Sint Maarten kwa helikopta. Bima ya safari inayolipia usafirishaji huo, na mbizi kama unazamia, usiikose. Malaria hakuna, lakini dengi ipo, kwa hiyo dawa ya mbu ina kazi. Dawa zako za kila siku beba za kutosha na siku kadhaa za ziada.

Ni safari ya kwenda na watoto au wazee?

Watoto wanaotembea vizuri, wa miaka minane hivi na kuendelea, watafurahi sana. Wadogo watachoka na kukuchosha. Mzee mwenye afya anaweza kukaa vizuri Windwardside, atembelee makumbusho ya Harry L. Johnson na makanisa, anywe chai akitazama mawingu. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu sitapamba maneno: ngazi ziko kila mahali, na inabidi kuzungumza na mwenye nyumba hatua kwa hatua kabla ya kuamua.

Volkano inaweza kulipuka?

Imelala, haijafa. Mlipuko wa mwisho unakadiriwa kutokea karibu na mwaka 1640. Taasisi ya hali ya hewa ya Uholanzi, KNMI, inaifuatilia kwa mitambo ya kupimia mitetemeko. Si sababu ya kuahirisha safari.

Ndege au boti ikifutwa siku ya kuondoka?

Hutokea. Upepo ukigeuka, Twin Otter haitui. Mawimbi yakikua, boti haiji, na mara nyingi vyote viwili hukwama pamoja. Ndiyo sababu usipange ndege ya Ulaya siku ileile unayotoka kisiwani. Toka siku moja kabla, hata kama roho inataka usiku mmoja zaidi. Ukikwama, mwambie mwenye nyumba mapema, maana chumba chako huenda kina mgeni mwingine, ambaye naye amekwama Sint Maarten. Wasiliana na shirika la ndege kabla foleni haijajaa, weka risiti zote za malazi kwa ajili ya bima, na uwe na dola za usiku mmoja ambazo hukuzipangia matumizi mengine.